Mahali pa Jina la Mama Yako

Sosiot, Ijumaa alasiri

Kiplangat mwanangu,

Umeshuka sokoni kuchukua viatu vyako kwa fundi na mvua ya mawe imekufungia huko, kwa hiyo nina saa nzima, pengine mbili, kabla hujarudi. Mawe yanapiga mabati hata sisikii redio. Majani ya chai kule bondeni yatakuwa yamechanika yote. Lakini sitakuandikia habari za chai, wala za blanketi, wala za jinsi ya kuishi na mwenye nyumba huko Nakuru. Mama yako amekuambia hayo mara tatu tangu Jumatatu, na mara tatu umeitikia bila kusikiliza. Hata mimi nilipoondoka kwetu niliitikia hivyo hivyo.

Nataka kukuandikia juu ya orodha.

Unakwenda kukaa mbele ya kompyuta katika kiwanda cha uchapaji, na kila siku ataingia mtu na karatasi aliyoikunja mfukoni akuombe umpangie majina: kamati ya harusi, wanakwaya, familia ya marehemu. Kazi hiyo unaijua kuliko mimi. Lakini iko orodha moja niliyoipanga mimi, unajua ni ipi, na tangu Januari hatujaitaja humu ndani. Niliwadanganya wazee juu yake, nikakudanganya na wewe. Wazee hawakujua. Wewe ulijua, na nikakunyamazisha.

Niruhusu nianze mbali kidogo. Nimezeeka katika kueleza mambo polepole, na hili siwezi kulieleza haraka.

Kwa miaka mingi nilichapa kwa taipureta katika ofisi ya shamba la chai. Orodha ya wafanyakazi ilikuwa kazi yangu: jina la mwenye nyumba kwenye pambizo, na chini yake, ndani kidogo, mke wake, na ndani zaidi, watoto. Kwa taipureta unasogeza kwa kidole. Nafasi tano kwa mke, nafasi kumi kwa watoto. Ukikosea unafuta kwa rangi nyeupe, unapuliza, unapiga tena. Nilijivuna kwa kazi hiyo. Meneja alikuwa akiwaambia wageni kwamba orodha zangu zimenyooka kama mistari ya michai.

Kompyuta ilipofika, miaka mitatu kabla sijastaafu, walimleta kijana mmoja aitwaye Ochieng, mtu wa kule ziwani, atufundishe. Nilikaa nikapiga orodha kama nilivyozoea: nafasi, nafasi, nafasi, nafasi, nafasi, jina. Kwenye kioo ilionekana nzuri. Ilipotoka kwenye printa, majina yalikuwa yamepinda, moja kushoto, jingine kulia, kama watu wanaotoka kilabuni.

Ochieng alicheka mpaka akashika meza. "Mama Esther, umenunua gari halafu unalisukuma?"

"Sasa nifanye nini?"

"Wacha kusukuma. Mwambie mstari akae wapi, atakaa."

Akanionyesha ile rula iliyo juu ya kioo, na vile vipembetatu viwili upande wa kushoto. Cha juu kinaamua mstari wa kwanza uanzie wapi. Cha chini kinaamua mistari inayofuata. Ukikiacha cha juu pambizoni na kukivuta cha chini ndani, namba inasimama peke yake kushoto, na maneno yote, hata yakiwa mistari minne, yanajipanga upande wake wa kulia bila hata moja kurudi chini ya namba. Nikashangaa. Nilikuwa nimeitafuta hali hiyo maisha yangu yote kwa kuhesabu nafasi kwa kidole.

Akanionyesha pia namna ya kumshusha mtu daraja na kumpandisha. Unabonyeza alama ya mshale unaoelekea ndani, mstari unaingia na kuwa chini ya ule ulio juu yake. Unabonyeza mshale wa nje, unarudi. Na nafasi kati ya mistari usiweke kwa kupiga Enta mara mbili. Unauambia mstari wenyewe uache kiasi gani chini yake, na utauachia kila mwenzake kiasi hicho hicho, bila kupendelea.

Lakini jambo moja alinisisitizia sana. "Ukipiga Enta," alisema, "mstari mpya unarithi mahali pa uliotangulia. Kama uliotangulia ni mtoto, huu nao utakuwa mtoto. Mashine haijui nani ni nani kwao. Inajua tu nani ametangulia. Kwa hiyo, Mama, uangalie wewe."

Maneno hayo ndiyo niliyokuja kuyageuza kuwa uongo. Tutafika huko.

Sasa nikueleze jambo unalolijua, ila hujawahi kulisikia kutoka kwangu.

Mume wangu alifariki kabla hatujapata mtoto. Kulikuwa na shamba hili, kulikuwa na jina lake, na hapakuwa na wa kulibeba. Mama yake, yule kogo mkubwa tuliyemzika mwaka jana, aliniita nyumbani kwake akaniambia nioe. Nilikuwa mwanamke wa ofisi, nimevaa sketi na saa ya mkononi, ninaimba kwaya. Lakini nilijua desturi yetu, na nilikubali. Tulikwenda Sigor kwa wazazi wa mama yako, tukakaa nao, wakatukubali. Mimi na Rebeka tulifungwa nyasi ya segutiet mikononi kama mume na mke wanavyofungwa, mbele ya watu wa pande zote mbili. Kuanzia siku ile mimi ni mume katika nyumba hii, na watoto wa Rebeka ni watoto wangu na wa marehemu. Kwa desturi mimi ni baba yako. Wewe ulipoanza kuongea uliniita Kogo, yaani nyanya, kwa sababu ulimwona mwanamke mwenye mvi, na sikukurekebisha. Mama yako ndiye aliyekuwa akiniita Mzee, kama wanawake wenzake wanavyowaita waume zao. Mwanzoni alisema kwa utani, akicheka nyuma ya mkono wake. Baadaye likawa jina tu. "Mzee, chai." "Mzee, ng'ombe wa baka jeupe hataki kunywa." Sikujua ni kiasi gani nililipenda jina hilo hadi liliponyamaza.

Kanisa lilinitenga. Kwa miaka mitatu sikukaribia meza ya Bwana, nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Halafu mchungaji wa wakati ule akanijia kwa upole. Akasema, "Esther, huyu msichana si anakusaidia tu nyumbani? Anamsaidia na mkweo?"

Nikasema, "Ndiyo, ananisaidia."

"Basi, ni msaidizi."

Na mimi, ambaye nilizoea kusahihisha barua za meneja, sikumsahihisha. Akaandika neno hilo katika kitabu chake, nikarudishwa kwaya, baadaye nikawa kiongozi wa akina mama. Rebeka nilimwambia kwamba ni maneno ya kanisani tu, hayafiki nyumbani. Alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa. Alisema, "Sawa, Mzee."

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, mwanangu, na ni kubwa kuliko la pili. Niliamini kwamba neno linaweza kukaa upande mmoja wa barabara lisivuke.

Mwaka jana kogo mkubwa alipofariki, mama yako alikuwa amemwogesha na kumlisha kwa miaka mitatu. Wewe uliona. Mimi nilikuwa nikija nikitoka kazini, namsalimu, naketi, nasoma gazeti. Ilipofika kuandaa programu ya mazishi, kila mtu alisema aandike Esther, yeye ndiye mwenye kompyuta. Nikabaki ofisini baada ya wengine kuondoka, nikachapa. Familia ya marehemu: namba moja, mume wangu, marehemu. Chini yake, ndani, mimi. Namba mbili, baba yako mdogo Arap Sang. Chini yake, ndani, mke wake, na ndani zaidi, watoto wao wote.

Kisha nikarudi kwenye jina langu, nikapiga Enta. Mstari mpya ukafunguka chini yangu. Nikabonyeza mshale wa ndani, nikaandika Rebeka. Nikapiga Enta, nikabonyeza tena, nikaandika Kiplangat. Ilikaa vizuri, Kiplangat. Nataka ujue kwamba ilikaa vizuri. Kwa muda wa kama dakika tano, ukurasa wa pili wa programu ile ulikuwa wa kweli.

Halafu nikafikiri juu ya mchungaji mpya atakayeushika mkononi. Nikafikiri juu ya meneja na mke wake watakaokuja na gari lao, na akina mama ninaowaongoza. Nikawaza watauliza: huyu Rebeka yuko chini ya Esther kama nani? Nikalichagua jina lake kwa kishale, likawa jeusi kwenye kioo, nikalikata. Nikafungua ukurasa wa nne, mahali pa shukrani, palipoandikwa Wasaidizi wa nyumbani, na tayari palikuwa na Joseph mchungaji wa ng'ombe. Nikambandika Rebeka chini ya Joseph.

Wewe ulibaki kule ukurasa wa pili. Nikaona umesogea ndani sana, mahali pa mjukuu, lakini juu yako hapana mtu. Palikuwa na jina langu, halafu pengo la daraja zima, halafu wewe, unaning'inia. Nikajaribu kukusogeza nje, ukawa sawa na mke. Nikakurudisha ndani. Mwishowe nikakuchukua nikakutia katika aya ya mwisho, ile inayosema "na wajukuu wengi". Hata jina sikuacha.

Nilichapisha nakala. Nilikwenda nyumbani nikala, nikalala vizuri.

Siku ya mazishi unaikumbuka. Msimamizi alisoma kila kitu, hakuruka hata mstari, kama wasimamizi walivyo wakipewa kipaza sauti. Mama yako alikuwa akipita katikati ya viti na kibuyu cha mursik, akiwamiminia wageni wa Arap Sang. Msimamizi akasoma, "Na tunawashukuru wasaidizi wa nyumbani, Joseph na Rebeka." Wanawake wawili kutoka Sigor, dada za mama yako, wakatazamana. Rebeka akasimama na kibuyu kimeinama, maziwa yakamwagika juu ya kiatu cha mtu. Akasema, "Samahani, mzee," akapangusa kiatu kwa leso yake, akaendelea kumimina.

Nilimtazama kutoka kwenye hema la familia. Sikuinuka.

Kesho yake asubuhi alibisha mlango wa chumba changu. Hajawahi kubisha maisha yake. Nikasema ingia. Akasimama pale kizingitini, mikono nyuma.

"Madam," akasema, "chai iko tayari."

Nikacheka kidogo. "Rebeka, umeanza nini?"

"Nianze na kufagia, au nianze na kuosha nguo, Madam?"

Na tangu siku ile, kama ulivyoona kwa macho yako, ameishi kama nilivyomchapa. Anaingia kwa mlango wa nyuma. Anakula baada yangu. Akitaka kwenda kwao Sigor ananiomba ruhusa siku mbili mbele. Hajanitukana, hajalia mbele yangu. Majirani wanadhani amekuwa na adabu nyingi. Ni mimi na wewe tu tulioelewa kwamba nyumba hii ina baridi.

Kisha ikaja Januari. Arap Sang alikuja na wazee watatu wa ukoo, wakaketi pale sebuleni, nanyi mkawapa chai. Shamba lake linapakana na letu pale bondeni, na tangu ndugu yake afariki amekuwa akiitazama ile michai. Akatoa programu ya mazishi mfukoni, imekunjwa mara nne.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Mke wa ndugu yangu ni msomi, kachapa kwa mkono wake. Someni ukurasa wa nne. Huyu mama ni mfanyakazi. Na mtoto wa mfanyakazi, jina lake liko wapi? Halipo. Sasa ardhi ya ndugu yangu ataachiwa nani? Joseph?"

Mzee wa kwanza akavaa miwani, akasoma, akaniuliza, "Esther, haya ni maandishi yako?"

Hapo palikuwa na mlango, Kiplangat. Ningesema: niliona haya mbele ya wageni, nikamkana mke wangu na mtoto wangu. Maneno machache tu. Badala yake nilisema, "Ni kompyuta."

Mzee yule asiyesikia vizuri akauliza, "Kompyuta ni nani? Ni mtu wa wapi?"

Watu wakacheka, hata Arap Sang. Nami nikachukua nafasi ya kicheko hicho nikaeleza, kwa utulivu ule wangu mnaoujua. Nikasema mashine ile ina tabia yake: ukipiga Enta, mstari unarithi mahali pa uliotangulia, kwa hiyo majina husogea bila mtu kutaka. Nikachora kwa kidole mezani. Nilitumia maneno ya Ochieng yote, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Wazee walinong'onezana. Wakaamua: kama ni mashine iliyokosea, karatasi isahihishwe. Ya kwanza ilisomwa mbele ya watu, basi ya pili nayo isomwe kanisani mbele ya watu wale wale. Ikisomwa, Arap Sang hatakuwa na neno. Isiposomwa, watajua ya kwanza ndiyo yenyewe, naye atasogeza mpaka.

Jioni ulinikuta jikoni. Ulikuwa umeshaanza masomo yako ya kompyuta pale Kericho. Ukasema kwa sauti ya chini, kwa heshima kabisa, "Kogo, Enta inaweza kumwacha mtu pale pale, au kumwingiza ndani. Haiwezi kumtoa ukurasa wa pili ikampeleka wa nne. Hiyo ni mtu."

Nikakujibu, "Nimechapa orodha kabla mama yako hajazaliwa. Wewe nyamaza."

Ukanyamaza. Mpaka wakati huo ulikuwa ukija kila Ijumaa na daftari lako, unaniuliza hiki na kile, na mimi nafurahi kueleza. Tangu jioni ile hukuniuliza tena kitu. Ulijifunza mengine yote kwa watu wengine. Ulipopata kazi Nakuru nilisikia kutoka kwa Joseph.

Nimekaa na jambo hili miezi minane. Kwanza niliwaambia wazee wino wa printa umekwisha. Kisha diski imeharibika. Kisha nimestaafu, sina ofisi. Mwezi huu walinitumia neno kwamba hawatangoja tena. Mwezi ukiisha, Arap Sang apande ua wa mpaka mpya. Nilipokwenda kutazama bondeni nilikuta ameshachimba mashimo.

Lakini si mashimo yaliyonisukuma, ningependa kusema hivyo bila kujisifu. Jumamosi iliyopita nilimwona mama yako akikunja nguo zako. Alichukua lile shati jeupe, akalitia kwenye sanduku, akalitoa, akaja nalo kwangu. "Madam," akaniuliza, "naruhusiwa kumfungia Kiplangat hili shati, ama ni la nyumba?" Hakuwa akinikejeli. Nilimtazama usoni, nikitafuta kejeli, sikuiona. Alikuwa ameshazoea. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumanne nilikwenda kwa mchungaji. Nilimweleza yote, tangu nyasi mkononi mpaka kishale.

Akasema, "Mama Esther, ukisoma hiyo karatasi pale mbele, unajua kiti chako cha uongozi..."

"Najua."

"Na meza ya Bwana, baraza litakaa."

"Benchi la nyuma nalijua, mchungaji. Linapata upepo mzuri."

Hakucheka. Lakini alinipa Jumapili hii, baada ya matangazo.

Jumatano nikapanda Kericho, kwenye lile duka la kompyuta na fotokopi, nikamwomba binti wa pale anipishe kiti. Diski haikuwa imeharibika. Nikafungua ukurasa wa pili. Mume wangu. Ndani yake, mimi. Enta. Mshale wa ndani. Rebeka, mke wa nyumba hii. Enta. Mshale wa ndani. Moja, Kiplangat. Nilipofika hapo binti akaniuliza, "Mama, mbona unalia, imegoma?" Nikamwambia hapana, inafanya kila ninachoiambia. Nikaweka nafasi sawa chini ya kila jina, la mume wangu, langu, la mama yako, lako. Juu ya ukurasa nikaandika kwamba ya kwanza haikupotoshwa na mashine, niliipotosha mimi, na kwa sababu gani.

Jioni nilikwenda jikoni kwa mama yako, nikabisha mlango wake. Nikamsomea yote. Ananijua, hakuamini masikio, akaiomba karatasi. Unajua anavyosoma tangu alipokwenda yale masomo ya watu wazima: kidole kinatangulia, midomo inafuata. Kidole kikashuka kutoka kwa mume wangu, kikaja kwangu, kikaingia ndani, kikafika kwake, kikakaa hapo muda mrefu. Kikaingia tena ndani, kikafika kwako. Kikatulia.

Nikangoja anisamehe, au anitukane. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

Akasema, "Mzee, umeacha mmoja."

Kiplangat, wewe si wa kwanza. Alikutangulia dada yako, Chepkoech. Aliishi siku tisa. Siku ya tano mimi nilikuwa nimesharudi kazini, kwa sababu palikuwa na orodha ya kumaliza, na sikuwepo alipofariki. Hatukukwambia kamwe, nilisema hakuna haja ya kumpa mtoto huzuni asiyoijua, na mama yako akasema sawa, Mzee. Alisema sawa mara nyingi katika nyumba hii.

Jana nikapanda Kericho tena. Binti wa duka akasema, "Mama, umerudi?" Nikaweka kishale mwisho wa jina la mama yako, nikapiga Enta, nikabonyeza mshale wa ndani, nikamwandika Chepkoech. Namba ya kwanza ikaenda kwake, na yako ikageuka yenyewe kuwa mbili, sijaigusa. Ochieng angefurahi.

Nakala yako iko ndani ya bahasha hii, pamoja na diski. Imeandikwa kwa rula, hakuna nafasi hata moja niliyosukuma kwa kidole. Ukiifungua huko Nakuru na ukaona kwamba kuna jina halikukaa mahali pake, langu likiwemo, lisogeze. Una haki hiyo. Mimi sitasema nyamaza.

Kazi yako inaanza Jumatatu, na umeshapanga kuondoka kesho asubuhi. Sikuombi ubadilishe. Karatasi itasomwa ukiwepo na usipokuwepo, na mama yako ameniambia atakaa nami benchi la nyuma. Nakutajia tu kwamba Jumapili alasiri pia kuna gari la Nakuru.

Mvua imekatika. Nasikia mama yako akicheka na mtu pale nje, nadhani ni wewe na hivyo viatu. Ananiita nikanywe chai, na safari hii nitaifuata huko huko jikoni.

Mimi, wa mstari ulio juu ya mama yako,

Kogo